Asubuhi babu alipoupukutisha mti wangu

Jana binti yangu alimaliza epo lake akabaki na mbegu tano kiganjani. "Mama, nikizipanda zitaota?" Nikamwambia zitaota, ila kwanza tuzifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, zikae ndani ya friji wiki sita au zaidi, zionje baridi. Nilipofunga mlango wa friji, babu akanijia akilini.

Ule mti wa epo wa Tabata, Dar, ulikuwa wangu. Mjomba aliniletea mche wa kubebesha kutoka Lushoto, aina ya Anna, ile ya Israeli inayovumilia joto. Naandika epo makusudi, maana ukimtajia mtu wa pwani tufaa, anaona lile jekundu la maji-maji la Zanzibar. Miaka mitatu mti ulikuwa wa kijani tu, Januari hadi Desemba. Niliumwagia samadi, sikuona hata ua.

Julai babu akaja kutolewa mtoto wa jicho. Asubuhi moja natoka uani na mswaki mdomoni, namkuta kasimama chini ya mti, jicho moja bandeji, miguu imezama kwenye majani mabichi. Mkono wa kushoto umeshika tawi. Wa kulia unatafuta jani, unalikunja kuelekea chini, tap, linakatika. Kisha kidole gumba kinarudi pale pale kwenye kikwapa cha jani, kinapapasa taratibu, kinahamia jingine. Nusu ya mti ilikuwa uchi.

"Babu, unauua!"

Hakugeuka. "Haujalala huu, mjukuu wangu. Kwetu baridi inaulaza. Hapa mnalala na feni, mti nao unakesha. Usiolala utaamkaje?"

Nililia kwa hasira. Akaniachia nilie, halafu akanivuta mkono, akakiweka kidole changu pale alipokuwa anapapasa. Kulikuwa na kichipukizi kidogo kama punje ya mtama, kigumu, kina manyoya laini. "Hiki usikikwaruze na kucha. Jani litoke, hiki kibaki." Matawi ya chini nikayamaliza mimi.

Jumamosi akapanda basi. Baada ya wiki kadhaa yakatoka maua matano kwenye shada moja, ya waridi yakiwa yamefumba, meupe yalipofunguka. Yakaanguka bila tunda. Nilipompigia, babu akasema unataka mwenzake, wa aina nyingine, wabadilishane chavua. Aliahidi kuuleta. Hakuwahi. Mti ukaja kukatwa tulipojenga ukuta.

Bado sijui kama kuulaza mti kwa nguvu kwenye joto la Dar ni kuupenda au kuutesa. Binti yangu sijamwambia kwamba mbegu haizai epo lile lile alilokula. Leo tangu asubuhi amefungua friji mara nne, anaangalia kama zimelala.