Siku moja steshenari, Ngamiani: katiba ya kikoba iliyogoma kufunguka

Steshenari yetu iko Ngamiani, Tanga, kwenye moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Bango la nje linasema: kutaipu, kuprinti, fotokopi, picha za pasipoti. Ndugu zangu wakiuliza nashinda nafanya nini, nikisema nafanya kazi ya kompyuta, wanaona mtu anayebonyeza kitufe cha kijani akisubiri karatasi itoke. Basi hii hapa Jumanne iliyopita, ilivyokuwa.

Saa 1:30 asubuhi. Kufagia, kupangusa vumbi, kuwasha mashine mbili. Ya mlangoni ina Windows XP na Word 2003, ya ndani ina Windows 7 na Word 2007. Najua ni vikongwe. Microsoft waliacha kuihudumia Word 2003 Aprili 2014, na 2007 ikafuata Oktoba 2017. Lakini printa yetu kubwa inaelewana na ile ya XP peke yake, na zote mbili sijaziunganisha na intaneti makusudi. Kazi za WhatsApp zinapokelewa kwenye simu, zinahamishwa kwa waya. Na kutaipu barua ya kuomba ruhusa hakuhitaji mashine ya milioni mbili.

Wanafunzi wa asubuhi, fotokopi za vyeti, maandazi na mbaazi kwa mkono mmoja.

Saa 2:30. Kijana anajitaipia CV mashine ya mlangoni ili apunguze gharama. "Dada, hii mashine inakula herufi." Kila akiongeza neno katikati ya sentensi, lililokuwa mbele yake linafutika. Chini ya dirisha la Word 2003 kuna vifupisho vilivyofifia, na kimoja, OVR, yaani kuandika juu ya herufi zilizopo, kilikuwa kimekolea. Amegusa Insert bila kujua. Nikaibonyeza mara moja, ikaisha. Kwenye 2007 kitufe hicho hakiwashi balaa hili mpaka mtu akiruhusu mwenyewe kwenye mipangilio, na hilo nawasifu.

Saa 3. "Printa imekufa." Haijafa. Taa inawaka kwa sababu faili limepangwa kwa karatasi ya Letter, ya Kimarekani, yenye inchi 8.5 kwa 11, na printa inasubiri mtu aiwekee karatasi ambayo Tanga nzima sijaiona ikiuzwa. Badilisha iwe A4, printi tena. Hili linarudi kila wiki, na kila wiki kuna mtu anapendekeza tuipige printa ubavuni.

Karibu saa 4 akaja mwalimu na flashi ya mitihani. Ndani zimebaki njia za mkato tu, faili hamna, na ameshakata tamaa anataka mitihani yote itaipiwe upya. Virusi vya aina hiyo havifuti faili, vinalificha. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika amri ya attrib ya kuondoa ufichaji, faili zikajitokeza zote. Mwalimu alinishika mkono kwa mikono miwili. Alilipa kuprinti tu.

Saa 5 ndipo alipoingia mama wa kikoba.

"Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, niprintie katiba haraka, halmashauri wanafunga saa tisa na nusu." Kikundi chao kinaomba ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Bila katiba, maombi hayapokelewi. Katiba aliitaipu mpwa wake aliyeko Dar kwa laptopu mpya, ikatumwa WhatsApp usiku.

Nikahamisha faili, nikatoa nakala yake kwanza (faili la mteja la asili siligusi), nikafungua nakala kwenye 2007. Ukurasa wa kwanza ukaja vizuri. Nikateremka kidogo, mashine ikaganda. Nikaifunga kwa nguvu. Nikarudia, ikaganda palepale.

"Steshenari za Makorora wanafungua mara moja tu," mama akasema, akiwa na mweka hazina wao kwenye simu, sauti imefunguliwa duka zima lisikie.

Kitufe cha Open kina mshale mdogo pembeni, na ndani yake kuna Open and Repair, dawa ya kwanza. Programu ikasema imetengeneza. Ikaganda. Nikajiuliza kama ugonjwa uko kwenye Word yenyewe, maana ile templeti yake ya Normal, faili mama inalolisoma kila ikiwaka, ikiharibika, kila unachofungua kinasumbua. Nikaiwasha upya huku nimeshikilia Ctrl, ikaja bila vikorombwezo vyake. Faili nyingine zinafunguka, hili la mama halitaki. Basi mgonjwa ni faili.

Kinachoigandisha Word mara nyingi ni hesabu ya kupanga kurasa, wapi mstari ukatike, jedwali liishie wapi. Nikafungua tena na kuwahi kuhamia mwonekano wa Draft kabla haijafika kwenye kurasa mbovu, maana Draft haihangaiki kuchora kurasa. Ikatulia. Sasa kuna jambo wengi hawalijui: alama ya aya ya mwisho kabisa kwenye faili hubeba mpangilio wa sehemu nzima, pambizo, vichwa vya kurasa na kadhalika. Ukinakili yote ukaiacha hiyo, mara nyingi unauacha ugonjwa nyuma. Nikafungua karatasi mpya ili nibandike humo.

Mama akaona weupe kwenye skrini.

"Umefuta katiba yetu!"

"Hapana mama, ipo."

"Iko wapi? Mbona peupe?" Na kwenye simu: "Wameifuta jamani!" Mweka hazina akaanza kupiga kelele upande wa pili. Kijana wa CV akageuka. Nikamwonyesha faili la kwanza, nikamwonyesha la pili, nikabandika. Likaganda lote.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Unagawa. Nusu ya kwanza kwenye faili jipya: salama. Nusu ya pili: inaganda. Hiyo nayo unaigawa, na kila nusu mbovu unaikata tena mpaka mbaya ajulikane. Kila nikikata, mama anasema, "Sasa umebakiza nusu tu." Adhana ya adhuhuri ikapita nikiwa kwenye ibara ya uanachama.

Umeme ukakatika. Betri ya akiba inashika mashine ya ndani tu, kwa hiyo katiba ilipona, lakini binti aliyekuwa anamalizia ripoti ya mafunzo kwa vitendo mashine ya mlangoni akapiga ukelele. Word huhifadhi nakala ya dharura kila dakika 10 usipoigusa; mimi zote nimeziweka dakika 2. Umeme uliporudi, nakala yake ilikuwa inamsubiri upande wa kushoto wa dirisha, imepungua sentensi moja. Akaanza kunishukuru, mama akamkatiza, saa zinakwenda.

Mbaya alikuwa jedwali la majina ya wanachama. Mpwa alilinakili kutoka mahali fulani mtandaoni, likaja jedwali ndani ya jedwali ndani ya jedwali. Nikabandika majina kama maandishi matupu, nikachora jedwali jipya, likakaa. Kama hilo nalo lingeshindikana nilikuwa na njia moja zaidi: faili la docx, yaani la Word mpya, kwa kweli ni zipu, kifurushi cha faili ndogo zilizobanwa pamoja, unaweza kulifungua kama zipu ukayatoa maneno yaliyomo.

Nikadhani nimemaliza. Printa iko kwenye XP, kwa hiyo nikahifadhi kwa muundo wa zamani, .doc, nikahamisha. (Kile kiraka cha kuiwezesha 2003 kusoma docx ninacho kwenye CD, Microsoft hawakitoi tena, na CD hiyo simwazimi mtu.) Mpwa alitumia Aptos, fonti ambayo Microsoft wameiweka juzijuzi badala ya Calibri, na mashine zangu zote mbili haziijui. Ikawekwa fonti nyingine, na maneno yote yakasogea. Nafasi za saini alizipanga kwa kubonyeza spesi, spesi, spesi mpaka upande wa pili, sasa saini ya mwenyekiti iko chini ya jina la katibu. Ukurasa mpya aliutafuta kwa Enter nyingi badala ya Ctrl na Enter. Vijana wenye laptopu za bei hawajui tabo, kile kitufe cha Tab cha kuruka hadi nafasi iliyopangwa! Nikaweka Times New Roman, nikafuta spesi, nikaweka tabo, nikanyoosha na namba za ibara zilizoanza upya katikati.

Sikula mchana. Muda gani ulikuwa sijui, ila jua lilikuwa limeshahamia meza ya pili. Nakala tatu, zimebanwa, safi.

"Kurasa kumi na mbili mara tatu, mia mbili mia mbili, 7,200. Na kurekebisha faili, 5,000."

"Kurekebisha? Kwani umetaipu nini? Kataipu mpwa wangu."

"Mama, tangu saa tano niko na katiba yako."

"Umekaa umebonyeza bonyeza, mwanangu. Hukuongeza hata neno."

Na ni kweli, sikuongeza hata neno. Nikikuongezea maneno kwenye katiba ndiyo uniogope. Tulivutana, mweka hazina naye akatoa hoja zake kwenye simu, mwisho nikapokea 2,000 na dua ya ndoa njema. Akapanda bajaji. Halmashauri aliwahi, alipiga kunijulisha, na akauliza kama naweza kuwatengenezea na andiko la mradi.

Jioni ilikuwa fotokopi na picha za pasipoti, siikumbuki vizuri. Kabla ya kufunga nilifungua Word 2003, nikaandika kwa herufi nzito za ukubwa wa 72: KUREKEBISHA FAILI, KUANZIA 5,000, HATA KAMA SIJAONGEZA NENO. Nikaseti A4, nikaprinti, nikabandika ukutani juu ya mashine ya fotokopi, ambako wote wanaangalia.