Meru si mazoezi ya Kilimanjaro

Kila nikisikia Meru ikiitwa mlima wa kupashia misuli kabla ya Kilimanjaro, moyo wangu hukataa. Kweli, anayeanza nayo huzoea hewa haba mapema. Lakini mlima wa mita 4,566, wenye ukingo wa kreta (shimo la volkano) unaopitwa gizani, unastahili kuandaliwa kwa ajili yake wenyewe.

Gari huacha barabara ya Arusha na Moshi pale Usa River, likapanda hadi geti la Momella la Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kama mita 1,500. Hapo kundi hupewa askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa kuwa nyati na tembo wanatumia njia hizohizo. Usimtangulie. Siku ya kwanza huishia kwenye vibanda vya kulala vya Miriakamba, mita 2,514. Ya pili kwenye vibanda vya Saddle, mita 3,570. Mwenye nguvu apande Meru Ndogo, kilele kidogo cha jirani, jioni hiyo, mita 3,820, kisha arudi kulala chini. Mwili huzoea zaidi hivyo.

Kinachonisumbua hasa ni kushuka, maana wengi hupigia hesabu kupanda tu. Kutoka Saddle watu huondoka saa 7 au saa 8 usiku, na kuna takriban mita 1,000 mpaka kileleni. Waliochukua safari ya siku tatu hulazimika kushuka hadi getini siku hiyohiyo: zaidi ya mita 3,000, kwa magoti ya mtu aliyekesha. Vidole hugonga ncha ya kiatu mpaka kucha zinageuka nyeusi, na wengi huteleza mahali rahisi kabisa. Safari ya siku nne inakulaza tena Miriakamba. Afadhali kuahirisha mpaka pesa itimie kuliko kukata siku hiyo.

Baada ya Rhino Point, sehemu iliyo juu ya Saddle, njia hushuka kidogo kwenye miamba, kwa hiyo wakati wa kurudi utapanda tena ukiwa umechoka. Bakiza maji na chakula. Jivu la volkano lililogandishwa na baridi hukanyagika vizuri, ila jua likishapanda hulegea na kurudisha mguu nyuma. Chupa ibebwe kichwa chini, maana maji huanza kuganda juu. Kichwa kikiuma pamoja na kutapika au kuyumba, shuka usiku huohuo.

Aprili na Mei ni miezi ya masika, na udongo wa msituni huteleza vibaya. Ukiweza, nenda kati ya Juni na Oktoba.