Siku yangu ya Novemba: korosho, moshi na chupa mbili

Mimi ni bwana shamba; saa 11 alfajiri nimeshaswali. Kabla ya chai nakata chupa mbili kubwa za maji, zilale kama mitumbwi. Zote natia udongo wa shamba moja, ila ya pili naifunika kwa mabua makavu.

Saa 1 nawasha pikipiki. Huku Nachingwea, mkoani Lindi, msimu wa korosho humpati mtu nyumbani asubuhi, basi nawafuata wakulima mikoroshoni. Nasaidia kuokota, nauliza mwaka huu ufuta watapanda wapi. Karibu wote wananyoosha kidole kule kunakofuka moshi.

Moshi ule unaniuma sana. Miombo, miti ya pori letu, inafyekwa na kuchomwa ili mvua ikute shamba jipya, eti ufuta unataka pori. Ufuta unataka rutuba, na ya pori haikai misimu mingi. Ikiisha, panga linahamia mbele. Mpingo unaoangushwa pale ulihitaji miaka 70 au zaidi kukomaa.

Mchana ni ofisi ya kijiji, kuandika tu.

Saa 9 tunakutana chini ya mwembe. Namimina kopo moja la maji kila chupa. Kwenye udongo mtupu yanatoka mazito, yamebeba udongo. Kwenye mabua yanadondoka taratibu, tena karibu meupe. Kimya.

"Sasa bwana shamba, pori tukiliacha tutakula nini?" anauliza mzee mmoja. Swali la haki kabisa. Namweleza kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji nafasi ya kutenga msitu wake, kuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Kuna vijiji vya Kilwa vimeuza mpingo kwa njia hiyo.

Ndipo bibi mmoja akasimama. "Wanangu, mie nguvu za kufyeka sina. Mwaka huu ufuta, mwakani mahindi na mbaazi, na majani sichomi. Shamba ni lilelile tangu mume wangu yu hai."

Sikuwa na la kuongeza ila sababu: mizizi ya mbaazi ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, na majani yake yakipukutika yanarudi kuwa mbolea.

Saa 11 jioni watu sita wanamfuata bibi shambani kwake. Anafukua kwa mkono chini ya majani. Udongo mweusi, una unyevu, na mvua bado. Kijana aliyekwisha fyeka ekari moja anauchota, anaunusa, halafu anamwomba mbegu.

"Njoo na chombo," anamjibu, anaingia ndani kutafuta kibaba.