Nani kanilazimisha?

Nimetoka kwa kocha wangu wa maisha sasa hivi, hapa Lamu mjini. Kifua bado chanidunda.

Tangu baba afariki nasema sina budi kushika duka lake. Leo kocha kaniuliza: "Nani kakulazimisha?"

Nikataka kujibu "mama". Ulimi ukagoma. Mama hajaniambia hivyo hata siku moja!

Kisha akanieleza alichosema mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre kule Paris mwaka 1945: mtu kwanza yupo, halafu hujiunda kwa anayoyachagua. Na kutochagua pia ni kuchagua.

Hapo nikatazama mkono wangu. Nilikuwa nimezibana funguo za duka hadi meno yake yameacha alama kiganjani.

Wallahi nimeogopa, na nimefurahi pia.

Jamani, mliorithi kazi ya mzazi, mliichagua lini? Nambieni.