Krismasi ya chungu kimoja

Krismasi ya mwaka 2014 nyumbani kwetu Tukuyu ilipikwa kwa ajili ya Baba, na kwangu mimi hakuna sikukuu iliyopikwa kwa upendo kuliko ile. Baba alikuwa na kisukari na presha. Mwaka uliotangulia alitengewa sahani yake: kabichi ya kuchemsha, ugali kidogo, kipande cha samaki. Wengine tukala pilau na nyama, soda zinafunguliwa mbele ya macho yake. Hakulalamika. Alikula upesi, akanawa, akaenda kukaa barazani peke yake huku ndani watu wanacheka. Baba mwenye nyumba!

Safari hii Mama alijipanga mapema. Baba mdogo aliposhuka kwenye basi la Dar na kuulizia kreti ya soda, Mama alimjibu, "Shemeji, mwaka huu hakuna chakula cha mgonjwa na chakula cha wazima. Tunakula chungu kimoja."

"Sasa shemeji, wageni watasemaje?"

"Watasema wameshiba."

Tukapika mbalaga, ndizi mbichi zinazopikwa na nyama, maana Krismasi ya Mnyakyusa bila ndizi haijakamilika. Nyama Mama aliichemsha mapema jioni ya mkesha, akaiepua, tukaenda kanisani. Baridi ya Tukuyu mnaijua. Tuliporudi, juu ya supu palikuwa na utando mweupe, mgumu kiasi kwamba kijiko kiligonga kabla ya kuzama. Mama aliubandua vipande vipande hadi kikombe kikajaa, akamwonyesha baba mdogo bila kusema neno. Baba mdogo alikitazama kile kikombe kwa muda, na habari ya soda ikaishia hapo hapo. Kisha supu ikarudishwa motoni ichemke upya.

Asubuhi tulimenya ndizi mbichi ndani ya beseni la maji zisipate weusi, mikono tumeipaka mafuta kuzuia utomvu. Hayo ndiyo mafuta pekee yaliyotumika siku ile, ukiacha ya kukaangia kitunguu. Utamu ulitoka kwenye nyanya, karoti, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu iliyokamuliwa mwishoni. Chumvi ilipimwa. Kliniki walikuwa wamemweleza Mama kwamba mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, tena kwa vyakula vyote alivyokula tangu asubuhi. Sufuria la watu wengi lilitiwa chumvi ambayo zamani tungeimaliza kwenye kachumbari.

Kupakua alipakua Mama mwenyewe, na kila sahani ilifanana na ya Baba: nusu mboga, robo ndizi, robo nyama na maharage. Mboga zilikuwa mnafu na majani ya maboga, ambayo mvua za Desemba huyamwaga bustanini bure kabisa, nasi kila sikukuu tulikuwa tunayapita kwenda kununua mchele na mafuta. Baada ya hapo yakaja maembe ya Kyela, Baba vipande viwili, na chai ya rangi ya Rungwe yenye mchaichai, bila sukari. Watoto walinung'unika kidogo juu ya chai. Maembe yakawanyamazisha.

Baba hakwenda barazani. Alikaa mezani hadi jioni akisimulia habari za zamani, akaomba kuongezewa, Mama akamwongezea mnafu, wote tukacheka naye akacheka. Alipopimwa sukari saa mbili baada ya kula, kipimo kilisoma 8.6 mmol/L. Sikukuu ya nyuma, alipokula ile sahani yake kisha usiku akaingia jikoni kimyakimya, kilivuka 17. Mtu anayetengwa mezani atakitafuta chakula gizani, na mimi simlaumu.

Usiku ule Mama alikuwa ameshaanza kupanga ya Mwaka Mpya: kuku wa kienyeji, ngozi itolewe, na magimbi ya kuchemsha badala ya chipsi. Baba mdogo ndiye aliyejitolea kwenda kuyachimba.