Kikundi cha kubangua korosho: tafuteni mnunuzi kwanza, mkopo utafuata

Huku kusini mwa Tanzania hatuna upungufu wa vikundi. Ingia kata yoyote ya Tandahimba, Newala, Mtama au Ruangwa, utaonyeshwa katiba, muhuri, daftari la mahudhurio na akaunti ya benki. Kinachokosekana mara nyingi ni biashara yenyewe. Watu wanakusanyika kwa sababu wamesikia fedha za halmashauri zimetoka, wanaandika andiko la mradi, wanapata hela, halafu ndipo wanaanza kuulizana nani atanunua. Makala hii ni ya anayelea vikundi vya watu wa hali ya chini: afisa maendeleo ya jamii wa kata, mwenyekiti wa kijiji, imamu, padri, au binti aliyesoma ambaye shangazi zake wamemwomba awaandikie andiko. Tunaichukua korosho kama mfano kwa sababu ndiyo iliyo mlangoni kwa kila mtu, na ndiyo inayoangusha vikundi vingi.

Fedha zinazosemwa sana ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Zimo kwenye sheria tangu 2018, zilisimamishwa 2023 na kurudi 2024 kwa utaratibu mpya. Hazina riba. Hiyo ndiyo sifa yake, na ndiyo inayowafanya watu wazikimbilie kabla hawajajiandaa. Mkopo usio na riba bado unadaiwa, na kikundi kilichoshindwa kurejesha kinawachafulia njia wenzao wa kata nzima.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya andiko, ni kwenda kwa wanunuzi mkiwa na sampuli. Bangueni kilo mbili au tatu hata kwa mashine ya kuazima, wekeni kwenye vifuko vya gramu 250, mpeleke kwa wenye maduka ya jumla Mtwara mjini, Masasi na Lindi, kwenye hoteli, kwa wanaosafirisha mizigo kwenda Dar es Salaam. Ulizeni maswali manne tu: unataka nzima au hata vipande, unataka kilo ngapi kwa mwezi, unalipa lini, na kilichokukera kwa aliyekuuzia mara ya mwisho ni nini. Swali la nne ndilo lenye faida. Majibu yake huwa ni yaleyale: korosho zina ngozi, zimelainika, rangi haifanani, au mara hii zimeletwa na mara ijayo hakuna. Kila jibu linakuambia hatua gani ya kazi ilikosewa, na hapo ndipo penye mafunzo ya kikundi, kuliko semina ya siku tatu ya "ujasiriamali".

Sasa kazi yenyewe. Gunia la korosho ghafi ni kilo 80. Likibanguliwa vizuri linatoa kilo 16 hadi 20 za karanga, yaani kiini cha korosho kinacholiwa. Yaani kilo moja ya kuuza imekula kilo nne hadi tano za ghafi. Anayeandika kwenye andiko kwamba kilo mbili za ghafi zinatoa moja, hesabu yake yote imeoza tangu mstari wa kwanza.

Ghafi ianikwe mpaka ikae vizuri ghalani, unyevu usizidi asilimia 10. Kabla ya kupika, chambueni kwa ukubwa. Hatua hii vikundi vingi huiruka kwa kuona inapoteza muda, kumbe mashine ya kubangulia ina visu viwili vilivyopinda kufuata umbo la korosho, na nafasi kati yake hurekebishwa kulingana na ukubwa. Ukichanganya kubwa na ndogo, kubwa zitakatwa hadi ndani na ndogo zitapita ganda likiwa halijapasuka. Kisha zipikwe kwa mvuke, dakika 20 hadi 30 kutegemea ukubwa na ukavu wake. Mvuke ukiwa mdogo, ganda linakuwa kaidi, mbanguaji anatumia nguvu na karanga inavunjika. Ukizidi, mafuta ya ganda yanaingia ndani na karanga inatoka na madoa ya kahawia ambayo hakuna kukausha kutakakoyaondoa. Baada ya mvuke zitandazwe zipoe usiku kucha. Anayebangua zikiwa bado na joto atapata mapande.

Kwenye meza ya kubangulia, mama anaweka korosho kati ya visu kwa mkono mmoja, anabana kwa mguu au kwa mpini, ganda linapasuka nusu kwa nusu, mwenzake anachokoa karanga kwa kijiti cha chuma. Mikono yake lazima iwe imepakwa jivu au mafuta ya kula, au ivae glavu, maana mafuta ya ganda yanachoma ngozi na kuacha vidonda vinavyokaa wiki. Tusizungumzie ajira kwa wanawake maskini huku tukiwaacha waharibike mikono kwa kukosa glavu. Bei ya glavu iingie kwenye gharama kama inavyoingia bei ya mkaa. Na ile njia ya kuunguza korosho kwenye karai la moto wazi iachwe kabisa kwa biashara: moshi wake unawasha macho na kifua, na karanga inanuka.

Baada ya kubangua, karanga hukaushwa kwenye tanuri la moto wa chini, nyuzi 60 hadi 70, kwa saa sita au zaidi, sinia zikizungushwa za juu zije chini. Sinia zisipozungushwa, nusu zinaungua na nusu zinabaki mbichi. Zikitoka, zimenywe ngozi siku hiyohiyo. Zikilala wazi, hasa Mikindani na mwambao wote wenye hewa ya bahari, zinavuta unyevu na ngozi inashika tena. Hapo watu wanashika visu na kila kisu kinaacha kovu jeupe ambalo mnunuzi analiona kabla hajakaa. Mwisho ni kuchambua kwa madaraja. Daraja la 240 maana yake karanga nzima 220 hadi 240 kwa ratili moja, ambayo ni karibu gramu 454. La 320 ni karanga 300 hadi 320. Wauzaji wa rejareja hawatakuuliza namba hizo, lakini msafirishaji atakuuliza, na ni aibu kukaa meza moja naye hujui.

Tuweke hesabu, kwa bei za mfano tu. Ghafi ni shilingi 3,000 kwa kilo, gunia linagharimu 240,000. Limetoa kilo 18: nzima 11 na vipande 7. Nzima mnauza 24,000 kwa kilo, vipande 14,000. Jumla 362,000, ukitoa ghafi zinabaki 122,000 za kulipa wabanguaji, wamenyaji, mkaa, vifungashio na nauli. Gunia hilohilo likibanguliwa na watu wasiofundishwa, nzima 7 na vipande 11, jumla inakuwa 322,000 na kinachobaki ni 82,000. Shilingi 40,000 zimepotelea kwenye visu na mvuke, kabla hujamlaumu mnunuzi wala serikali. Hii ndiyo sababu tunasisitiza mbanguaji alipwe kwa kilo ya karanga nzima, na vipande avilipwe kwa bei ya chini yake. Ukimlipa kwa siku, atakaa siku. Ukimlipa kwa kilo yoyote, atavunja.

Kuna hatari nyingine ambayo haimo kwenye mafunzo mengi. Korosho ghafi zinapita AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, na kuuzwa kwa mnada chini ya stakabadhi ghalani, ambapo mkulima huweka mzigo ghalani na kupewa stakabadhi, utaratibu uliopo tangu 2007. Kikundi kinachopita mtaani kununua kwa majirani, hata kwa nia safi ya kubangua, kinaingia kwenye kangomba, yaani ununuzi haramu nje ya utaratibu huo, na mzigo unaweza kukamatwa pamoja na mwenye nyumba ulikohifadhiwa. Nendeni ofisi ya Bodi ya Korosho Mtwara kabla ya msimu, wakati bado wana nafasi ya kuwasikiliza. Ombeni leseni ya kubangua na maandishi ya wapi mtapata ghafi na kiasi gani. Mkifika Novemba mnada umepamba moto, mtaambiwa mrudi kesho mpaka msimu uishe.

Na msimu ndio unaoua mtaji. Ghafi inapatikana kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka, wanunuzi wa karanga wanataka mwaka mzima. Mkopo wa milioni 5 kwa bei ile ya mfano ni magunia 20 na chenji kidogo. Kikundi kinachobangua magunia mawili kwa wiki kitamaliza ndani ya wiki 10, na kufikia Machi mashine zimefunikwa turubai. Kwa hiyo andiko liseme wazi: sehemu kubwa ya fedha inunue ghafi, mashine ziwe chache, na marejesho yafuate mauzo. Ombeni ratiba inayowaacha mpumue miezi ya kununua. Kosa la kawaida ni kinyume chake: mashine mpya inayong'aa, ghafi ya wiki mbili. Kosa baya zaidi ni kugawana milioni moja moja kwa watu watano siku hela inapoingia. Mikopo hii hutolewa kwa kikundi cha wanawake au vijana kuanzia watano (mwenye ulemavu ana nafasi ya kuomba peke yake), na wako wanaotafuta majina matano ya kujaza fomu tu. Ukiona mwanachama hajui bei ya ghafi ya juzi, jua ni jina la fomu.

Kabla ya mkopo wa nje kikundi kiwe na hisa zake, VICOBA ya kawaida ya kuweka na kukopeshana, sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Kisajiliwe pia, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi hivi vijulikane. Mtu aliyeshindwa kuweka hisa ya elfu mbili kwa wiki kwa miezi sita atapata taabu na marejesho. Kwa kaya zilizo TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hisa iwe ndogo kuliko hiyo, lakini isikose. Halafu kuna jambo ambalo wageni hulidharau: jando na unyago. Gharama zake ni wajibu wa kweli kwa mama wa Kimakonde, Kimwera au Kiyao, naye ataulipa hata kwa fedha za ghafi ikibidi. Kumkemea hakusaidii. Wekeni mfuko wa jamii pembeni, kila mmoja achangie kidogo, na ajue mwaka wa mwanawe kuingia ndani atachukua kiasi gani. Mtaji hautaguswa.

Usajili wa chakula una mlolongo wake. Anzieni SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi Mtwara na Lindi, mpate barua ya utambulisho, muende nayo TBS, shirika la viwango, kwa ajili ya jengo na bidhaa. Jengo ndilo linalokwamisha: sakafu ya saruji, dirisha lenye wavu, choo kisichotazamana na chumba cha kumenyea, maji ya kunawa. Kwa vifungashio, mfuko unaoonyesha ndani unauza haraka lakini mwanga unaziharibu karanga kwa kuchacha mafuta, basi wekeni kwenye boksi dukani au chagueni mfuko wenye dirisha dogo.

Sasa ajira, maana si kila mtu atakuwa mfanyabiashara, na ni ukatili kumlazimisha. Hispania wana mradi uitwao Acceder, unaoendeshwa na Fundación Secretariado Gitano tangu 2000 kwa ajili ya Waroma, jamii iliyobaguliwa Ulaya kwa karne nyingi na ambayo vijana wake wengi wanatoka shule mapema. Wao huanza na mtu mmoja mmoja: amesoma nini, anajua nini, nani anabaki na watoto, anahitaji mafunzo gani. Mtumishi mwingine kazi yake ni kuzunguka kwa waajiri. Sehemu ya mafunzo hufanyika kazini kwenyewe. Tunachopenda hapo ni yule mtu wa kuzunguka kwa waajiri. Huku kwetu tunawafundisha vijana 40 ushonaji kwenye mji wenye mafundi cherehani kila kona, kwa sababu hakuna aliyetumwa kwenda kuuliza.

Mfano wa kufanya hapa: kiwanda cha saruji cha Dangote, mitambo ya gesi Madimba, bandari, wakandarasi wa barabara na hoteli wanahitaji wachomeleaji, madereva, wapishi, walinzi, mafundi umeme. Wapo vijana wa Msimbati na Mtwara vijijini wanaochomelea vizuri tangu utotoni ila hawana karatasi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina urasimishaji wa ujuzi kwa fundi aliyejifunzia kazini: anapimwa, anaongezewa anachokosa, anapewa cheti. Mlezi wa kikundi awe na daftari la watu kama hao kwa majina na ujuzi, na aende nalo kwa mkandarasi mdogo kwanza, maana kampuni kubwa huajiri kupitia hao. Kitambulisho cha taifa cha NIDA na namba ya simu isiyobadilika kila mwezi viwe tayari. Nafasi nyingi zinapotea kwa mtu kutopatikana tu.

Vikundi vilivyosajiliwa vina mlango mmoja zaidi usiogongwa sana. Taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Zabuni ziko kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma. Usafi wa ofisi, chakula cha semina, sare, madawati. Kikundi cha korosho kinaweza kuweka bakuli lake kwenye kila mkutano wa halmashauri, ilimradi kiwe na namba ya mlipa kodi, akaunti, na mtu mmoja anayejua kuingia kwenye mfumo kila Jumatatu kuangalia kilichotangazwa. Ulizeni pia malipo huchukua muda gani, kwa sababu ofisi ya umma ikichelewa miezi miwili, ghafi za miezi hiyo miwili lazima ziwe zimeshanunuliwa kwa hela nyingine.