Kutafuta risiti kwa kugawa nusu

Waulize vijana wa Mombasa algorithimu ni nini, wengi watakwambia ni ile inayowachagulia video za TikTok. Si uongo, ila hiyo si ya kuanzia. Algorithimu yoyote ni hatua zilizopangwa, zisizo na utata, zinazoanza na data uliyo nayo na kufika kwenye jibu. Na lazima zikome.

Chukua duka la vipuri pale Mwembe Tayari. Faili lina risiti 1,000, zimepangwa kwa namba, na mteja anadai aliuziwa pampu mbovu, kwa hiyo unatafuta risiti yake kwa namba. Ukifunua moja moja, huenda ukazifunua zote 1,000. Ukigawa nusu kila mara, yaani ufunue ya katikati kisha uache nusu isiyoweza kuwa nayo, hutafunua zaidi ya 10. Zikiwa milioni moja, hazizidi 20.

Tujaribu na risiti nane: 12, 19, 27, 33, 41, 58, 64, 90. Tunatafuta 60. Mwanzo ni nafasi ya 1, mwisho ya 8. Jumlisha, gawa kwa mbili, acha desimali: nafasi ya 4, penye 33. Ni ndogo, basi nafasi ya 1 hadi 4 zote nje. Mwanzo sasa ni 5. Katikati inakuwa 6, penye 58. Bado ndogo, mwanzo ni 7. Katikati ni 7, penye 64. Tumepitiliza, mwisho unarudi 6. Mwanzo umeshaupita mwisho, kwa hiyo 60 haimo. Simama.

Wanaoanza huharibu hapa: huandika mwanzo = katikati badala ya katikati + 1. Katika mfano huu mwanzo na mwisho vitakutana kwenye 6, programu itasoma 58, itaona ni ndogo, itaweka mwanzo 6 tena, na haitatoka hapo kamwe.

Hata ile hesabu ya katikati ina mtego. Mwaka 2006 mhandisi wa programu Joshua Bloch alieleza kosa lililokuwa ndani ya maktaba (kodi zilizo tayari kutumika) ya lugha ya programu ya Java yenyewe: mwanzo na mwisho vikiwa vikubwa sana, jumla yake huvuka 2,147,483,647, kikomo cha namba nzima ya kawaida (int) ya Java, na kugeuka hasi. Salama ni mwanzo + (mwisho − mwanzo) / 2.

Haya yote yanataka risiti zilizopangwa. Zikiwa zimechanganyika, jibu linaweza kuwa la uongo bila onyo lolote. Na kama unatafuta risiti moja tu katika faili lililovurugika, usijisumbue kulipanga. Zifunue moja moja, utamaliza mapema.